Rangi ya Bwawa la Pili

Mabwawa ya Maji Taka,
Rakombe, kwa njia ya Kisumu.
Jumapili, 24 Agosti 1986.

Kwa Papa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mayi na wote wanaolala chini ya paa lako. Kifua kinaendeleaje? Ndugu yangu Masinde aliniandikia kwamba kile kikohozi cha mwezi wa sita kilikulaza siku tatu, na kwamba hata sasa ukisikia mtu anataka kisima unachukua sururu na kutoka. Papa, umechimba visima tangu kabla sijazaliwa. Waachie wenye mbavu changa wateremke, wewe ukae juu ushike kamba na kuwaelekeza. Mimi ni mzima. Huku mvua imepungua, watu wamevuna mahindi, na omena, dagaa wa ziwa hili, ni nyingi hadi barabara yote ya kwenda ziwani imegeuka uwanja wa kuanikia. Ninamaliza ibada, ninafua, kisha nakaa mlangoni kama hivi nilivyokaa sasa na karatasi gotini.

Barua yako ya mwisho ilinichekesha kwanza, halafu ikaninyima raha. Ulisema sokoni Kimilili watu wanakuuliza kama ni kweli binti yako ameajiriwa kuchunga mavi ya mji mzima. Ukasema pia kwamba wewe mwenyewe hujaelewa maji machafu yanawezaje kusafika kwa kukaa tu, bila kuchemshwa wala kutiwa dawa, na ukaniomba nikueleze kama ninavyoweza kumweleza mtu anayejua maji. Nitakueleza. Nikimaliza nitakueleza na jambo jingine ambalo hukuniuliza.

Rakombe ni mji mdogo. Una hospitali moja, shule ya bweni ya wasichana, soko, kichinjio, nyumba za polisi na vyumba vya kupanga. Maji yote yanayomwagwa huko, ya chooni, ya kufulia, ya kuoshea wagonjwa, yanaingia katika bomba moja linaloteremka kuelekea ziwani. Zamani bomba hilo lilimwaga kila kitu moja kwa moja katika ghuba, hatua kama mia mbili kutoka pale wanawake wanapochota maji ya kunywa. Mzee Zadock Opiyo, msimamizi wangu, anaikumbuka miaka hiyo. Anasema mvua zikianza tu, seremala wa mji alikuwa akiranda mbao za majeneza madogo bila kungoja kuagizwa. Hiyo ndiyo sababu mabwawa yakachimbwa.

Maji yakitufikia hupita kwanza kati ya nondo zilizopangwa kama meno ya kitana. Hapo mimi hushika reki na kutoa kilichonaswa: matambara, magunzi, ndala, na siku moja Biblia ya Kijaluo ambayo Mzee Zadock aliianika juu ya ua siku nne, ukurasa kwa ukurasa, ingawa hakuna aliyejitokeza kuidai. Kisha maji yanaingia bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, jeusi, linalotoa mapovu. Humo uchafu mzito huzama, na vijidudu visivyohitaji hewa huula polepole kule chini. Maji yanayobaki juu huvuka kwenda bwawa la pili, ambalo ni pana kama uwanja wa mpira na halina kina.

Hilo la pili ndilo lililonifanya niipende kazi hii. Ni la kijani, Papa, kijani cha mrenda uliopikwa. Ukijani huo ni mimea midogo sana isiyoonekana kwa jicho. Jua likiipiga, inatoa hewa ndani ya maji, na wapo vijidudu vya aina nyingine wanaoitumia hewa hiyo kula uchafu uliobaki. Nao wakishakula wanaacha chakula cha ile mimea, kwa hivyo kila mmoja anamlisha mwenzake. Bwawa la tatu ni la kungojea: humo jua na siku huviua vijidudu vya magonjwa. Tangu maji yaingie kwetu hadi yatoke ni siku ishirini na nane. Yakitoka hupita katika mafunjo yaliyoota ufuoni, ndipo yanaingia ziwani. Visima vyako huchujwa na udongo. Maji yetu husafishwa na jua, na matumbo ya vitu tusivyoviona.

Kazi ninayoipenda zaidi ni ya chupa. Kila asubuhi ninachota maji ya kila bwawa katika chupa ya kioo, ninatia matone ya dawa mbili, ninaifunga na kuipindua mara kadhaa. Kama maji yana hewa, yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Kama hayana, yanabaki na utandu mweupe kama uji wa mgonjwa. Unaijua tabia yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikichelewa kurudi kutoka shule kwa sababu nimewafuata mchwa nione wanaingilia wapi. Hapa nimepata mahali ambapo kufuata mchwa ndiyo kazi.

Chumba changu nilikipanga kwa Dorca Apiyo, mama anayekausha na kuuza samaki kule ufuoni. Nasema nilipanga, lakini tangu mwezi wa kwanza nilikuwa nikila kwao. Mama yake mzazi, Bi Milka Anyango, anaishi naye. Ni mzee wa miaka kama sabini, na hadi mwaka huu alikuwa akienda ziwani mwenyewe kila asubuhi na mtungi wake kichwani. Alinizoea hata akaacha kuniita mgeni, akaanza kuniita nyathiwa, yaani mtoto wetu.

Mwezi wa nne Mzee Zadock alikwenda kwao Asembo Bay kumzika kaka yake, akaniachia ofisi kwa wiki mbili. Aliporudi, siku nne hazikuisha kabla bwawa la pili halijabadilika. Asubuhi moja tulilikuta na ukanda wa waridi upande maji yanakoingilia. Ukanda ukasogea siku kwa siku, na mwisho wa wiki bwawa zima lilikuwa na rangi ya ulimi wa ng'ombe, likitoa harufu ya mayai viza. Mzee Zadock alisimama ukingoni muda mrefu, akavua kofia kana kwamba yuko mbele ya maiti.

"Nyathina," aliniambia, yaani mtoto wangu, "hii maji imekula nini?"

Amefanya kazi ya maji taka miaka ishirini na mbili, kwanza Kisumu kisha hapa, na rangi ile hakuwahi kuiona. Chupa ya bwawa la pili ilitoka nyeupe. Baada ya siku chache ya bwawa la tatu nayo ikaanza kufifia, kutoka chai hadi maziwa. Watu waliopita njia ya ziwani waliziba pua na kuangalia. Wengine wakasema tumezika mtu humo.

Jumanne ya tarehe 20 Mei ziwa lilikuwa limetulia kabisa, bila upepo, na samaki wakafa. Nilimkuta Dorca amesimama maji ya magoti. Mbuta wakubwa walikuwa wamelala ubavu ufuoni, midomo wazi, na ngege wadogo wametanda hadi kwenye mafunjo. Dorca aliokota mmoja, akamfungua mashavu kwa kidole, akanionyesha, akaniuliza mimi ninayejua mambo ya chupa, huyu amekufa na nini. Nikamjibu kwamba amekosa hewa. Akaniuliza samaki anakosaje hewa na yuko majini kwake.

Siku mbili baadaye Bi Milka alianza kuhara. Walilazwa watu tisa wiki ile, wote wa upande wa ufuo. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Lakini Bi Milka alikaa hospitali siku kumi na mbili, na mtungi wake tangu siku hiyo umekaa tupu nyuma ya mlango, kwa sababu hata sufuria ya chai sasa anainua kwa mikono miwili.

Chifu aliita baraza. Watu walikuja na mawe, si ya kutupa bali ya kuzibia bomba letu. Mzee mmoja alisema kwamba tangu mabwawa yaje wanaambiwa maji ni safi, na sasa wameona usafi wenyewe. Hapo Mzee Zadock, ambaye si mtu wa maneno, alisimama.

"Mkiziba, hiyo kitu itarudi kwa nyumba zenu," alisema. "Itatoka kwa choo, itaingia mpaka jikoni. Mimi sisemi bwawa haina makosa. Nasema bwawa ni kama tumbo. Kama inatapika, muulize imelishwa nini. Mnipe siku tatu."

Wakampa.

Kesho yake mimi na yeye tulianza kutembea juu ya bomba, kutoka mabwawani kupanda mjini. Njiani kuna mashimo thelathini na moja yenye vifuniko vya chuma, ya kuingilia wakati wa kuzibua. Tulifungua moja baada ya jingine kwa mtaimbo, tukiangalia rangi na kunusa. Ningependa ungekuwepo, kwa maana ilikuwa kama kazi yako, ila sisi tulitafuta maji yanakotoka wakati wewe hutafuta yaliko. Katika kila shimo mji ulijieleza. Tulijua hapa panaanza maji ya shule kwa sababu ya povu la sabuni Alhamisi asubuhi. Tulijua pale ni hospitali kwa harufu ya dawa ya kuoshea sakafu. Kotekote yalikuwa ya kijivu, machafu ya kawaida. Kwenye shimo la ishirini na sita, nyuma ya soko, bomba linagawanyika pande mbili. Upande wa kushoto maji yalikuwa ya kijivu. Upande wa kulia yalikuwa mekundu na mazito, yanakwenda polepole, yamebeba vipande vya mafuta.

Ilikuwa damu ya kichinjio. Damu haitakiwi kuingia kwenye bomba hata kidogo. Kichinjio kina shimo lake la kuifukia, na tawi la bomba linalotoka kwao lina lango la chuma linalofungwa kwa kufuli. Damu ina nguvu kuliko uchafu wote wa mji, na vijidudu wakipewa nyingi hivyo wanamaliza hewa yote, ile mimea ya kijani inakufa, na vinazuka vijidudu vya waridi vinavyopenda mahali pasipo na hewa. Maji yanafika bwawa la tatu hayajasafika, yanafika ziwani yana njaa, na hewa ya ziwa ndiyo yanayokula. Ndivyo samaki anavyokosa hewa na yuko kwake.

Tulikuta lango limeinuliwa na kufuli inaning'inia. Bwana Joram Shitanda, msimamizi wa kichinjio, hakukana. Alieleza kwamba mvua za mwezi wa nne zilibomoa kuta za shimo lao, na kwamba alipewa ufunguo na ruhusa ya wiki mbili. Mzee Zadock akamuuliza nani alimpa. Bwana Shitanda alinitazama, akatazama chini, akasema alipewa na ofisi ya mabwawa.

"Ofisi ya mabwawa ni mimi," akasema Mzee Zadock, akalishusha lango mwenyewe.

Maneno hayo hayo aliyarudia mbele ya baraza, na tena mbele ya afisa wa maji aliyekuja kutoka Kisumu. Akasimamishwa kazi siku hiyo hiyo mpaka uamuzi mwingine utoke. Aliondoka na mfuko mmoja na Biblia ile ya uani.

Mimi nikabaki na mabwawa. Hospitali ilituazima pampu, na kwa majuma matano nilivuta maji ya bwawa la tatu, ambamo bado mlikuwa na ukijani kidogo, nikayarudisha la pili kama mtu anayetia maziwa lala katika maziwa mapya ili yagande. Mwishoni mwa mwezi wa sita niliona uzi wa kijani ukingoni. Siku iliyofuata ulikuwa upana wa kiganja. Sijawahi kutazama kitu kwa hamu kama hiyo. Chupa ikawa rangi ya mchanga, kisha chai hafifu, na katikati ya mwezi wa saba ikawa chai kamili. Afisa aliporudi alisikia kwamba ni mimi niliyefuata bomba shimo kwa shimo, akaandika barua ya kunipongeza na kunipendekeza niende kozi ya mwaka mmoja. Nilikutumia nakala. Mayi aliniandikia kwamba uliisoma kanisani, ukarudia mstari unaosema "udadisi wake umeokoa ghuba", na watu wakapiga makofi.

Papa, ile kufuli niliifungua mimi.

Ilikuwa Jumatatu ya tarehe 7 Aprili. Bwana Shitanda alikuja ofisini akanieleza habari ya shimo lao lililobomoka, akaniomba lango lifunguliwe wiki mbili tu wakati wanajenga upya. Kwa kuwa ni mtu wa kwetu, anaongea lugha ya nyumbani, unaweza kudhani nilimwonea haya. Ningependa iwe hivyo. Hakunipa kitu, wala sikumwogopa. Ukweli ni kwamba wajenzi wa mabwawa waliacha kitabu cha Kiingereza, nami nimekisoma chote. Ndani yake kuna mistari mitatu inayosema kwamba bwawa la kijani likilishwa kupita kiasi linaweza kugeuka waridi. Hakisemi baada ya siku ngapi, wala kiasi gani cha kulisha. Nilikuwa nimeisoma mistari hiyo mara nyingi. Alipotamka neno damu, kitu cha kwanza kilichonijia si hatari. Nilifikiri: sasa nitaona.

Nikampa ufunguo, nikanunua daftari. Kila siku niliandika: ng'ombe wangapi wamechinjwa, chupa imetoka rangi gani, harufu, joto la maji, kina ambacho sahani nyeupe inapotea machoni nikiizamisha kwa kamba. Ukanda wa waridi ulipotokea siku ya kumi na tisa, Mzee Zadock akiwa amevua kofia kwa huzuni, mimi moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha. Wiki mbili zilikuwa zimepita na ningeweza kwenda kufunga. Nilijiambia siku mbili zaidi, nione kama litaenea lote. Likaenea. Baada ya hapo sikutaka tena kuona kitu, lakini kila siku niliyonyamaza iliifanya siku ya pili iwe ngumu zaidi kusema. Halafu samaki wakafa.

Kwa hivyo nilipotembea juu ya lile bomba na Mzee Zadock, nikiinua vifuniko ishirini na sita, nilikuwa najua tunakokwenda. Nimekuandikia jinsi tulivyonusa na kukisia, na ndivyo ilivyokuwa kwake. Mimi nilikuwa nahesabu mashimo yaliyobaki. Na aliposema ofisi ni yeye, nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kugusana mabega, na sikufungua mdomo.

Barua ya Mayi ya kunieleza habari za kanisani ndiyo iliyonishinda. Jumamosi ya tarehe 26 Julai nilichukua daftari nikaenda Asembo Bay. Nilimkuta Mzee Zadock akishona nyavu na watoto wa marehemu kaka yake. Wakanipa kiti na ugali. Nilipomaliza kula nikamwambia, mbele ya mke wake, tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuacha kushona.

"Nilijua," alisema. "Funguo ya hiyo lango ni mbili. Yangu nilienda nayo matanga. Ilibaki yako."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akafunga fundo, akakata uzi kwa meno.

"Ningesema, wangekufukuza, na wewe ungeenda ukifikiri kosa lako ni kupatikana. Nikasema wacha nikae nione kama atakuja. Nimekaa miezi miwili. Mama huyu ameshaniita mjinga kila siku."

Mke wake akasema ni kweli, na kwamba bado hajabadilisha mawazo.

Halafu Mzee akanyoosha mkono akaomba daftari. Alisoma taratibu, akifuata mistari kwa kidole, na mahali fulani akarudi nyuma kurasa mbili. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kitu alichokitafuta muda mrefu, kama nina hakika ilikuwa siku ya kumi na tisa, na kama siku hiyo kulikuwa na mawingu. Tukakaa juu ya daftari lile mpaka jua likaanza kushuka. Alinionyesha kwamba chupa ilianza kupungua rangi siku ya saba, siku kumi na mbili kabla ya waridi, na kwamba mtu anayeangalia vizuri angejua mapema na kufunga. Sikuwa nimeliona hilo, Papa. Nilikuwa nangojea rangi tu.

Nilipoaga aliniambia niandike kila kitu na kuambatanisha daftari. "Usifanye kwa ajili yangu," alisema. "Hiyo daftari imekula samaki ya watu na tumbo ya mama mzee. Isikae ndani ya sanduku yako."

Niliandika na kuipeleka Kisumu mwenyewe. Afisa alisoma yote nikiwa nimesimama. Hakunipigia kelele. Alisema kwamba anaondoa pendekezo la kozi, akaitoa karatasi yake katika faili, akaipasua. Uamuzi umetoka wiki iliyopita. Mzee Zadock amerudishiwa kazi na heshima yake. Mimi nimeondolewa kwenye chupa na ofisi kwa mwaka mmoja. Ninafyeka nyasi za kingo na kushika reki kwenye nondo. Nilifikiri wangenifukuza. Daftari wamelinakili na kulituma kwenye miji mingine yenye mabwawa kama yetu, bila jina langu, na hilo ni sawa.

Kumwambia Dorca kulikuwa kugumu kuliko Kisumu. Nilimwambia jikoni kwake, mama yake akiwa amelala chumba cha pili. Alisikiliza akigeuza samaki juu ya moto. Nilipofika kwenye daftari aliniomba nimweleze tena, kana kwamba hakusikia vizuri. Nikamweleza.

"Kwa hivyo mama yangu alikuwa chupa yako," alisema.

Asubuhi yake niliomba chumba kwa karani wa soko, nami ndiko ninakoandikia barua hii. Bi Milka aliambiwa na bintiye. Alinitumia ujumbe kwamba nimtembelee, lakini Dorca hajaniruhusu, na siwezi kuruka ruhusa yake.

Mzee Zadock alirudi Jumatatu. Alinipa fyekeo na kuniambia nianzie upande wa bwawa la tatu, basi. Ijumaa, nikiwa hapo kwenye nyasi, Dorca alifika kwenye ua wetu. Hakuniangalia. Alimwambia Mzee kwamba anataka kuona kwa macho yake maji yanayotoka, kabla wanawake hawajaanza kuchota tena, na kwamba neno la mtu hatalichukua tena. Mzee akamleta ukingoni, akachota, akatia matone, akaipindua chupa mbele yake. Dorca akaishika mwenyewe, akaiinua kwenye jua, akangoja. Ikawa chai. Akaomba arudie. Akarudia, ikawa chai tena. Akauliza ni siku gani nyingine wanapima, akaambiwa ni kila siku, na akasema atakuwa akija Ijumaa na siku nyingine yoyote atakayopenda. Kisha akaenda kuwaambia wenzake. Alipita hatua tatu kutoka niliposimama, na hakunisalimu.

Sasa umejua binti yako anachunga nini, na alichokichunga vibaya. Ile barua ya pongezi uliisoma mbele za watu kwa sababu uliniamini. Hii ni yako, uamue mwenyewe ni nani wa kuisikia. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, lakini niandikie. Hasira yako katika karatasi nitaipokea vizuri kuliko kimya.

Mwambie Mayi ule mchele wa Ahero nitautuma na mtu wa kwetu anayepanda Ijumaa, na asiwagawie majirani wote. Msalimie Masinde na mkewe, na Nekoye umwambie nimepata kitambaa cha rangi aliyoitaka. Wasalimie wa kanisani, hata kama itakuwa vigumu kidogo. Nawe jifunge kifua jioni, na visimani waache vijana wateremke.

Nakuombea afya, nami nangojea mkono wako katika karatasi.

Ni mimi mtoto wako,
Agneta Nabututu Waliaula